Sindano Ianzie Wapi

Kitabu chochote cha leo kinachofundisha kudarizi kwa mshono wa msalaba kitakupa amri ileile: kunja kitambaa mara mbili, tia alama pale mikunjo inapokutana, anzia hapo. Katikati. Ukianza katikati hutaishiwa kitambaa upande mmoja huku upande wa pili kumebaki shamba zima. Kuhusu rangi, utaambiwa uanze na ile iliyotawala pale kati, au na ile nyeusi inayochora mipaka ili rangi nyingine zihesabiwe kutoka kwake, na nyeupe uiache mwisho maana inashika uchafu wa mikono. Ushauri mzuri tu. Mimi mwenyewe naufuata nikiwa na mchoro wa kunakili.

Ila nimekuwa nikijiuliza amri hii imetoka wapi. Ukitazama vitambaa vya zamani vilivyobaki kwenye majumba ya makumbusho unaona wazi kwamba wengi waliovishona hawakuwa na habari nayo. Walianzia juu, walianzia pembeni, wengine walianza palipobaki nafasi. Na si kwamba walikuwa wageni wa sindano. Wengi wao wangetuaibisha. Nadhani swali la wapi uanze limebeba jingine ndani yake: aliyeshika sindano alikuwa anachora, au alikuwa anaandika? Kwa watu wa vitabu kama sisi, hilo la pili ndilo linalovuta.

Kwa asiyeujua mshono wenyewe: ni nyuzi mbili fupi zinazokatizana kama herufi X, juu ya kitambaa ambacho nyuzi zake unaweza kuzihesabu. Msalaba mmoja, mraba mmoja. Mtoto wa miaka saba anauweza. Na kwa kuwa kila msalaba unakaa kwenye mraba wake, unafaa mno kwa herufi na namba. Hilo la herufi tuliweke kiporo, tutalihitaji.

Huku kwetu kudarizi kwingi kuna mstari wa kufuata. Mashuka yale ya maua, mara nyingi ua huchapwa kwanza kwa karatasi ya kaboni, kisha uzi unapita juu ya mstari. Kofia ya mkono ya Unguja au Lamu nayo ina mpango wake: duara la juu na mshipi wa kuzunguka kichwa vinadariziwa mbalimbali ndipo vinaunganishwa, na uzi mara nyingi ni mweupe juu ya kitambaa cheupe, kwa hiyo swali la rangi limekufa kabla halijazaliwa. Msalaba wa kuhesabu haukupi starehe hiyo. Kitambaa kiko kitupu mbele yako, huna mstari, una sindano na hesabu. Ndiyo maana ule msalaba wa kwanza unatisha kuliko elfu zinazofuata.

Hebu tuanze na Jane Bostocke. Kitambaa chake ndicho cha kale zaidi cha Kiingereza chenye mwaka ulioshonwa juu yake: 1598. Kiko London, kwenye makumbusho ya Victoria and Albert. Ni kitani, juu yake kuna hariri, nyuzi za madini, lulu na shanga, na mishono ya kila aina, wa msalaba ukiwemo. Jane ameandika jina lake, ameandika mwaka, na ameandika kwamba mtoto Alice Lee alizaliwa tarehe 23 Novemba 1596, tena anataja na siku yenyewe, Jumanne mchana. Juu kuna wanyama na mimea, chini yake alfabeti na maandishi, chini zaidi vipande vya nakshi za kuigwa, kimoja kando ya kingine. Ukitafuta kitovu cha kitambaa hiki hukipati. Hakijapangwa kama picha. Kimepangwa kama daftari la mtu mwenye mambo mengi.

Na ndivyo vilivyokuwa. Vitambaa vya mazoezi vya karne ya 17 mara nyingi ni virefu na vyembamba, kama utepe mpana, vimejaa mistari ya nakshi inayoshuka kutoka juu: hapa maua, hapa herufi, hapa pindo la kufaa ukosi. Mwenyewe alikikunja kama mkeka akakiweka, na siku akitaka nakshi fulani akakifungua kuitafuta. Mtu wa namna hiyo umwambie aanzie katikati, katikati ya nini? Hajui mwaka kesho atajifunza nakshi gani. Kitambaa kinakua kadiri anavyojua. Mwanzo wake ni pale juu kwa sababu ileile inayofanya ukurasa wa kwanza wa shajara uwe wa kwanza.

Vitabu vya mifano vilikuwapo tangu miaka ya 1520, pale Johann Schönsperger wa Augsburg alipoanza kuchapa nakshi kwa ajili ya wadarizi. Lakini zilichapwa kwa wino mweusi. Umbo ulipewa, rangi ulijitafutia. Hapo ndipo anapoingia mfungwa mmoja mashuhuri.

Mary, Malkia wa Scotland, alikimbilia Uingereza mwaka 1568 akitarajia msaada wa binamu yake Elizabeth I. Akawekwa kizuizini, akahamishwa ngome hadi ngome, mpaka alipokatwa kichwa mwaka 1587. Miaka yote hiyo alidarizi, mingi kati ya hiyo akiwa pamoja na Bess wa Hardwick, mke wa bwana aliyekabidhiwa kumlinda. Michoro mingi waliitoa kwenye vitabu vya wanyama vya Conrad Gessner, mtaalamu wa Zürich. Kazi nyingi za mikono yao sasa ziko Oxburgh Hall, Norfolk: vipande vidogo vilivyoshonwa kwa msalaba kimoja kimoja, kisha vikabandikwa kwenye mahameli ya kijani. Kwa mfungwa huo ni utaratibu wenye akili. Kipande kidogo unakimaliza hata kama kesho utaambiwa ufungashe.

Kuna kipande kimoja kiko kwenye jumba la Holyroodhouse, Edinburgh: paka. Kwa Gessner ni paka tu, amekaa. Mary akamwongezea panya, na manyoya ya paka akayatia rangi ya kahawia-nyekundu. Elizabeth alikuwa na nywele za rangi hiyohiyo. Wanahistoria wengi wanamsoma paka yule kuwa ni malkia, na panya kuwa ni Mary, na mimi sioni sababu ya kubishana nao. Barua za Mary zilikuwa zinafunguliwa na kusomwa. Sanduku la nyuzi halikufunguliwa kwa shaka hiyo. Alichagua rangi moja, na rangi hiyo ikasema jambo ambalo kalamu ingemtia matatani.

Sasa turuke hadi Berlin, kwa sababu huko ndiko amri ya katikati ilikopata nguvu. Mwaka 1804 mchapishaji aitwaye Philipson alianza kutoa michoro ya kudarizi kwenye karatasi za miraba, imepakwa rangi kwa mkono, kila mraba ukiwa msalaba mmoja. Miaka michache baadaye, kwenye 1810, mke wa muuza picha aitwaye Wittich, mama aliyekuwa hodari wa sindano, akamshawishi mumewe aingie kwenye biashara hiyo. Kufikia 1840 inasemekana ilikuwa imechapwa michoro 14,000. Ikatapakaa Uingereza na Marekani pamoja na sufu laini ya Ujerumani, na ikaitwa kazi ya Berlin.

Jambo lililobadilika hapo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mara ya kwanza mshonaji wa kawaida wa mjini aliuona mwisho kabla ya mwanzo, pamoja na rangi zake zote. Waridi, mbwa wa bibi, mwana wa mfalme akiwa amepanda farasi, kila kitu kimeshaamuliwa na mtu wa Berlin ambaye hujawahi kukutana naye. Kazi yako ni kuhesabu. Na ukishakuwa na picha kamili, bila shaka katikati ndiyo salama, maana unajua ukubwa wake na unachoogopa ni kukosea nafasi tu. Kisha mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alipokuwa London akitafuta dawa ya malaria, akatengeneza rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Nyuma yake zikafuatana rangi nyingine za viwandani, kali za kuumiza macho. Kabla ya hapo wekundu ulitoka kwenye mizizi ya mimea au kwa vidudu vya dungusi kakati vya Mexico, ubuluu ulitoka kwenye nili. Waridi za Berlin za miaka ya 1860, samahani kwa wanaozipenda, zinapiga kelele.

Kampuni ya DMC ya Mulhouse, iliyoanza mwaka 1746 kwa kuchapa vitambaa vya pamba, ilikuja kuuza nyuzi zake duniani kote na kuzipa rangi namba. Ukimwambia mdarizi yeyote wa leo 310, anajua ni nyeusi. 321 ni nyekundu. Mwaka 1886 Thérèse de Dillmont, mwanamke kutoka Austria aliyefanya kazi na kampuni hiyo, alitoa ensaiklopidia yake ya kazi za mikono, nayo ikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Sibezi hayo. Namba inaniwezesha kununua uzi uleule nikiishiwa, na mtu aliyewahi kumaliza anga lake kwa buluu mbili tofauti anajua thamani ya jambo hilo. Nasema tu kwamba uamuzi umehamia kwenye karatasi.

Haukuhama kila mahali. Wanawake wa Palestina walipopata nyuzi hizohizo za DMC na vitabu vyenye maua ya Ulaya, waliyaingiza maua hayo kwenye majoho yao kwa masharti yao. Kwao hakuna katikati moja. Joho linadariziwa vipande vipande, kipande cha kifuani peke yake, vya ubavuni peke yake, halafu linaunganishwa. Na wekundu ndio uliotangulia tangu zamani: Ramallah, kwa mfano, ilijulikana kwa nyekundu juu ya kitani nyeupe au nyeusi. Baada ya mwaka 1987, wakati kuinua bendera yao hadharani kulikuwa kosa, walianza kuishona bendera na rangi zake kwenye majoho na kutembea nayo. UNESCO iliiorodhesha sanaa hiyo mwaka 2021, ila wenyewe hawakuwa wamengoja kibali.

Rangi nyingine haichaguliwi, inaokotwa. Meja Alexis Casdagli, Mwingereza, alitekwa na Wajerumani wakati wa vita vya Krete mwaka 1941. Miezi kadhaa ndani ya kambi, mfungwa mwenzake akampa kipande cha kitambaa. Nyuzi akazipata kwa kufumua fulana ya sufu iliyochakaa ya jenerali mzee wa Krete: nyekundu na buluu. Ndizo zilizokuwapo. Desemba 1941 alimaliza kitambaa ambacho ukikitazama haraka ni kazi ya utiifu kabisa: jina lake, tarehe, mahali alipo, tai wa Ujerumani na misalaba ya Kinazi kama mapambo. Wajerumani walikipenda, kikaonyeshwa kambi nne. Lakini kuzunguka ukingo kuna vitone na vistari visivyolingana, na hivyo ni alfabeti ya simu za upepo. Ukivisoma utapata dua ya kumwombea mfalme wa Uingereza, na ukiendelea utapata tusi la Hitler ambalo sitaliandika hapa. Hakuna mlinzi aliyelisoma kwa miaka minne.

Mnaona alipoweka neno lake? Pembeni. Katikati aliwaachia wenye kambi.

Nirudi kwenye herufi tulizoziweka kiporo. Kwa mamilioni ya wanawake wa Ulaya ya karne ya 18 na 19 mshono wa msalaba haukuwa burudani ya sebuleni. Ulikuwa mshono wa kutia alama. Nyumba kubwa ilikuwa na mashuka kwa dazeni, yanachemshwa pamoja, yanaanikwa pamoja, na kila moja lilitiwa kwenye pembe herufi za mwenye mali na namba yake, ili lisipotee na ili yatumike kwa zamu. Uzi wa kazi hiyo ulikuwa mwekundu zaidi ya rangi nyingine yoyote, na buluu ikifuata. Unaonekana juu ya nyeupe, na ule mwekundu mzuri wa pamba ulistahimili kuchemshwa bila kuchuja na kuchafua shuka zima. Basi hapo swali la rangi lilijibiwa na beseni la kufulia, na swali la mahali likajibiwa na pindo: kwenye pembe, mbali na macho ya mgeni.

Msichana maskini aliyetaka kazi ya ndani ilimbidi aonyeshe kwamba anaweza. Kwenye vituo vya yatima vya George Müller, Ashley Down, Bristol, wasichana walishona vitambaa ambavyo leo watu wanavinunua kwa fedha nyingi: pamba nyekundu juu ya nyeupe, alfabeti baada ya alfabeti, namba, vipindo, herufi ndogo kama sisimizi, zimebanana hadi kitambaa hakipumui. Hakikuwa pambo. Kilikuwa cheti cha kuombea kazi. Na mwambao wetu haukuwa mbali na fikra hiyo. Shule ya wasichana ya Mbweni, Unguja, iliyoongozwa na Caroline Thackeray kuanzia miaka ya 1870, ilipokea wasichana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kulikuwa na waliosomeshwa wawe walimu, na kulikuwa na waliowekwa upande wa kazi za mikono, kushona na kufua. Nani apewe kalamu na nani apewe sindano, ni mtu mwingine aliyeamua.

Ndipo tunafika kwa Elizabeth Parker, na naomba msomaji mwenye haraka atulie kidogo.

Alizaliwa mwaka 1813 Ashburnham, kijiji cha Sussex, kwa wazazi maskini na wacha Mungu. Akiwa na miaka 13 alitoka nyumbani kwenda kuwa yaya. Kwenye 1830 hivi, akiwa binti wa miaka kama 17, alichukua kipande cha kitani chenye ukubwa wa karibu sentimita 86 kwa 74, akachukua hariri nyekundu, akaanza kwenye kona ya juu kushoto. Hakutia alfabeti wala ua, hakutia ukingo wala nyumba yenye miti miwili. Msalaba wa kwanza ni wa neno la kwanza la sentensi. Anasema, kwa maneno yake, kwamba kwa kuwa hawezi kuandika, basi anaweka hapa. Kisha anaandika, mstari chini ya mstari, mpaka mwisho.

Anaeleza kuhusu wazazi. Anaeleza alikotumikia. Kwenye nyumba moja bwana wake, ambaye amemtaja kwa cheo na herufi moja tu ya jina, alimtendea ukatili na kumsukuma kwenye ngazi baada ya yeye kumkataa. Anaeleza jinsi baada ya hapo wazo la kujitoa uhai lilivyomwandama, na jinsi alivyomweleza daktari mmoja, naye akamsikiliza. Mengine ni sala na hofu ya dhambi. Hakuna aya. Hakuna mahali pa kupumzisha jicho.

Nimesoma watu wakishangaa: mbona anasema hawezi kuandika, na anaandika? Mimi naona jibu limo kwenye uzi. Sindano ni kitu alichofundishwa ili ahudumie nyumba za wengine. Herufi nyekundu kwenye kitani ndiyo kazi aliyotarajiwa kuifanya kwenye pembe za mashuka yao. Aliichukua rangi hiyohiyo na mshono huohuo, akahesabu kutoka kona kama mtu anayefungua ukurasa, na badala ya herufi za jina la bwana akaweka alichofanyiwa. Angeanzia katikati angetakiwa kujua maneno yatakuwa mangapi. Nani anajua, kwa habari kama hiyo, maneno yatakuwa mangapi? Kila aliyewahi kuwa na dada wa kazi nyumbani kwake, au aliyewahi kuwa yeye huyo dada wa kazi, kitambaa hiki kinamhusu moja kwa moja, hakihitaji mkalimani.

Kiko London, jengo lilelile la kitambaa cha Jane Bostocke, kimehesabiwa miongoni mwa nguo. Mimi ningekiweka pia kwenye orodha ya vitabu vya maisha ya watu wa karne ile, kando ya wale waliopewa kalamu.

Na rangi hakubadilisha. Hata pale anapoandika kuhusu kifo, hata pale anapomwita Mungu, ni nyekundu ileile, urefu uleule wa herufi. Sijui kazi nyingine ya sindano iliyonifanya niache kuona rangi kabisa nikasikia sauti tu. Maandishi yanakatika sentensi ikiwa haijaisha. Swali la mwisho linahusu roho yake itakuwaje, halina nukta, na chini ya hapo kitani kimeachwa kitupu.

Muda mrefu watu walidhani ukimya ule ulikuwa na maana moja tu. Baadaye watafiti walifuatilia kumbukumbu za kijiji wakamkuta. Elizabeth Parker alirudi Ashburnham, akawa mwalimu wa shule ya hisani ya hapo, akamlea mtoto wa dada yake. Alifariki mwaka 1889, mzee wa miaka 76, kwenye makazi ya wazee wa kijiji kilekile alichozaliwa.